Kaka Idi, Tumefika Sandton

Kaka Idi,

Tumefungua duka la pizza Sandton, kule kwa matajiri. Nilishika simu nikuambie wewe kwanza, halafu nikakumbuka. Basi nakuandikia.

Ni duka la tatu sasa. Lile la kwanza, la kitongoji cha La Rochelle, lipo palepale. Lile la Observatory analiendesha Mama Furaha, jirani yetu msusi wa Bukavu. Wiki ile tuliyokuzika nilikuwa nimeshaamua kufunga. Akaja amejifunga aproni, akasema, "Fungua mulango, Mwana. Batu beko na njala." Nikafungua.

Ulinikuta nasafisha ofisi za watu, ukanifundisha kutandaza unga kwa vidole. "Usiuonee," ulikuwa ukisema, "utakunyima." Ukanisimulia miaka yako ya upishi kule Trinidad, jinsi duka moja la pizza lilivyozaa mengine, kisiwa hadi kisiwa. "Na sisi tutaruka hivyohivyo, kitongoji hadi kitongoji." Nilikucheka, kaka. Tulikuwa na tanuri moja, mlango wake umefungwa kwa waya!

Sasa nina la kukiri. Msimamizi wa jengo la Sandton alisema watu wa pale hawatauweza mchuzi wako wa pilipili mbuzi na haradali. Niliogopa. Nikautoa. Ndizi mbivu na kuku nikavibakiza juu ya pizza, nikajidanganya kwamba inatosha.

Siku ya tatu akaingia yule mama wa Trinidad, mteja wako wa tangu La Rochelle, aliyekuwa safarini kwao muda mrefu. Akang'ata mara moja, akakiweka kipande chini, akaniuliza kwa utani, "Vipi, mpishi amekufa?"

Hakujua, kaka. Eish. Hakujua.

Nikamwambia ndiyo. Alinishika mikono juu ya kaunta, tukalia wote wawili mbele ya watu wa benki waliovaa tai zao.

Kesho yake nikaurudisha mchuzi. Msimamizi akaja na maneno yake, nikampa kipande kabla hajamaliza. Alikula huku jasho linamtiririka. Akaomba kingine.

Nisamehe kwa zile siku tatu.

Mama yako hupiga simu kila Ijumaa kutoka Tanga. Haulizi habari za maduka. Juzi aliniuliza, "Hiyo pizza ndiyo kitu gani hasa, mwanangu, hata ikamzuia Idi asirudi nyumbani?" Nikasingizia mtandao mbovu, nikaiweka simu chini.

Lakini nimeshakata tiketi. Sikukuu ya Idi ikipita nakwenda Tanga kwa mama yako, na mchuzi nitaupika mwenyewe palepale uani kwake, pilipili za sokoni kwao. Sitamweleza lolote. Nitamkatia kipande cha kwanza, nikae naye mkekani mpaka akimalize, na akiuliza tena, nitamkatia kingine.

Lala salama, kaka yangu. Mungu akupe nafasi pana kuliko jiko letu.

Mdogo wako,
Mwanahawa