Ingrid Alipunguza Kiungo Kinachonuka, Lawama Nimebeba Mimi

Shangazi Aidah, nisome haraka kabla sijamrarua mtu! Mimi ni mkemia kwenye maabara ndogo ya vanishi hapa Kicukiro, na vanishi yangu naitengeneza kwa malighafi ambayo kila molekuli yake ina mikono miwili ya kushikana na wenzake, ukiipika peke yake inashikana yote, bonge moja, haliyeyuki hata ufanyeje, lakini mimi naongeza kwa wingi kiungo kinachokatisha minyororo ya molekuli mapema, basi molekuli zinachipua matawi bila kufungana na vanishi inabaki majimaji safi, ila kiungo chenyewe kinanuka, yewe, kama vitunguu vilivyooza, na feni ya kuvuta hewa imekufa siku nyingi na bosi wetu Mugenzi hataki kuitengeneza. Ijumaa nikamwachia kazi Ingrid, mwenzangu, tena mama wa ubatizo wa mwanangu, naye akapunguza kiungo nusu eti majirani wanalalamika! Jumatatu nakuta bonge. Mugenzi akanifokea mbele ya watu, "Si nilikwambia itaganda? Mradi wako naufunga mwisho wa wiki!" na Ingrid yuko palepale anaangalia viatu vyake tu, rwose kabisa! Baadaye akanililia kwenye ngazi nisimtaje, atafukuzwa. Nikimtaja nimempoteza, nikinyamaza kazi yangu imekufa. Nifanyeje?
Lillian, Masaka, Kicukiro

Lillian, kasirika, una haki. Kuharibu vanishi ni makosa ya kazi. Kukuacha ufokewe naye amesimama hapo ni uoga, na machozi ya kwenye ngazi hayamsafishi mtu.

Lakini hebu niambie, Ingrid ulimweleza kile kiungo kinafanya nini? Mimi nisiyejua chupa ya maabara umenieleza nikaelewa. Yeye nadhani ulimwambia "mimina, usiulize". Angejua asingepunguza. Acha uchoyo wa maarifa, dada.

Sasa sikia. Bonge usilitupe, ndilo shahidi wako: kwa kiungo nusu limeganda, kwa kiungo kamili vanishi inatiririka. Mpe Ingrid mpaka kesho mchana aende mwenyewe kwa Mugenzi. Asipokwenda, nenda wewe, mtaje bila kutetemeka. Aliahidi mbele ya padri kukusaidia kulea mtoto, na mtoto huyo anakula kwa kazi hiyohiyo. Akienda, simama naye. Kisha pikeni chupa mbili za vanishi mbele ya bosi, moja kiungo nusu, moja kiungo kamili, Ingrid mwenyewe apime.

Na wewe Mugenzi, najua unasoma. Ulifoka bila kuuliza nani alipima. Harufu ndiyo iliyomtia Ingrid majaribuni, na harufu ni yako. Tengeneza feni!