Njia ya Wenye Mbwa

Mahajanga, Jumapili

Kaka Salimu,

Upokee salamu za Shangazi Zaina, na hasira zangu! Tulikwenda kuzuru kaburi la Bibi, huko kilimani, mlinzi akatuzuia langoni. Eti njia hii ni ya wenye mbwa, amri ya tangu enzi za wakoloni. Wasio na mbwa wazunguke bondeni. Na magoti yale ya Shangazi! Uhuru si umeshakuja huku?

Shangazi alimwendea mbwa koko aliyelala kando ya njia, akamfunga kamba shingoni, yeye ambaye mbwa akikanyaga baraza yake huiosha yote. Mlinzi akafungua lango, akampigia mbwa saluti. Shangazi hakuambiwa hata karibu.

Nibusie wanao. Shangazi ameshanawa mara saba. Mimi hasira hii sijui niioshe kwa maji gani.

Dada yako, Mwanaisha