Nani Amekataza, na Karatasi Iko Wapi?

Mzee wangu,

Nimekaa kibandani kwetu, kwenye lile benchi uliloandika NO SITTING kisha ukalikalia mwenyewe miaka yote. Brashi zako nimeziosha. Ni miezi mitano sasa tangu tukuzike kule Turbo, na nina jambo la kukuambia kabla hujalisikia kwa mwingine, kama huko mliko watu bado wanasengenyana.

Nilikosea, Mzee. Bango langu la kwanza bila wewe, fundi wangu, na nikalikosea.

Mwenyekiti wa ploti moja ya kupangisha pale mtaani West Indies alikuja akilalamika juu ya wachuuzi. "Andika HAWKING PROHIBITED, madam, na iwe red. Waogope kabisa." Nilifurahi kuitwa madam. Nikapiga mistari, nikapaka nyeupe, nikavuta zile herufi nyekundu hadi wapita njia wakasimama kutazama. Kitu kimoja tu sikufanya. Sikuuliza lile swali lako.

Wewe hukuwahi kuchovya brashi kabla ya kumuuliza mteja, "Nani amekataza, na karatasi iko wapi?" Wengine walikasirika wakaenda kwa mafundi wengine, hukujali. Ulinifundisha kwamba NOT ALLOWED ni neno la mwenye nyumba, na nguvu yake inaishia kwenye ua wake. FORBIDDEN ukasema tuwaachie wachungaji, na baba wenye mabinti. BANNED ni ya kitu kilichokuwa halali jana, leo serikali imekipiga marufuku na redio imeshatangaza. Lakini PROHIBITED! Hapo ulisimama kabisa. "Hiyo iko na sheria nyuma yake, msichana wangu. Mtu akiisoma anaona askari. Usimwandikie mtu hana karatasi."

Haya yote niliyajua. Sifa zilinilevya.

Kesho yake soja anayelinda geti la ploti alimwonyesha bango hilo mama aliyekuwa akichoma mahindi ng'ambo ya mtaro, kando ya barabara, akamwambia ahame. Mama akabeba jiko lake likiwa bado na moto. Mzee, alikuwa Mama Nafula. Mke wako. Alikuwa ameanza kuuza pale wiki hiyo hiyo, na mimi sikujua.

Nilipopita kumjulia hali nilimkuta na gunia lake la mahindi mlangoni, limejaa. Akaniambia kwa upole, "Nilisoma hiyo kibao, nikaona hiyo R, nikasema hii ni ya mzee wangu. Nikajua ni wewe. Umeiva, mwanangu." Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Asubuhi nilienda kwa mwenyekiti, nikamuuliza swali lako. Karatasi hakuwa nayo. Ile barabara ni ya kaunti. Chake ni uwanja ulio ndani ya geti, basi. Nikamwambia nitalifuta bango na kuliandika upya, la sivyo twende wote ofisi za kaunti akaeleze neno lile alilitoa wapi. Aliniita mtoto mjeuri. Sikuwa madam tena. Lakini alikubali. Sasa linasema HAWKING INSIDE THIS GATE IS NOT ALLOWED, kwa ile bluu yako uliyoipenda. Mama Nafula amerudi mahali pake, na yule soja hula mahindi yake kila jioni, tena anachagua.

Nakuahidi, Mzee, brashi hizi hazitaingia kwenye rangi tena kabla sijauliza. Hata akija gavana mwenyewe.

Limebaki moja. Ile siku hospitalini uliniona macho yamelowa, ukajikaza ukasema, "Hapa kulia ni prohibited." Nikatii. Nilitii kaburini watu wote wakinitazama, nikatii miezi mitano, hata Mama Nafula akauliza kama nina moyo wa jiwe. Leo ndio nimekumbuka kukuuliza na wewe. Nani alikataza, Mzee wangu? Na karatasi iko wapi?

Hukuwa nayo. Kwa hivyo nalia, hapa hapa kwenye benchi lako, na sinyamazi mpaka nimalize.

Kwaheri, Mzee.

Msichana wako,
Nanjala