Timu ya Skola na Matuta Uliyotuachia

Baba Skola wangu,

Nakuandikia nikiwa shambani, nimekaa juu ya tuta lako la mwisho, lile la pembeni kwenye njia ya kwenda kisimani. Mengine yote tumeshayabomoa, ulezi unasubiri kumwagwa. Hili nimeliacha kwanza. Nikilibomoa na hili sitabaki na kitu cha jembe lako ambacho bado kimesimama. Ukungu wa Kaengesa leo haujui kama unaondoka au unabaki. Unapita katikati ya mahindi ya jirani, unarudi, unasimama, na mimi naukodolea macho kama mjinga, nikidhani nitaliona koti lako linatokea humo. Halafu nakumbuka koti nimelivaa mimi.

Unajua shule yangu iliishia darasa la saba, na barua nilizowahi kuandika nyingi ni zile za kumwambia mwalimu mtoto anaumwa. Lakini maneno ninayo, hilo hata wewe hukuwahi kunibishia. Na watu wengine wakiisoma hii, waisome tu. La kuficha sina, la kujisifia ninalo. Nataka nikusimulie timu ya mtoto wetu tangu ulipoiacha.

Unaikumbuka ile ndoo? Ilipasuka kitako, mimi nikasema nitaoteshea vitunguu, wewe ukaukata mdomo wake ukaupigilia misumari kwenye mkaratusi wa nyuma ya nyumba. Skola alikuwa darasa la nne, miguu mirefu, magoti yote vidonda. Siku ya kwanza alirusha mpira akampiga jogoo. Siku ya pili akalipata dirisha. Halafu jioni moja, jua limeshuka mpaka kwenye ua, mpira ukapita katikati ya ule mdomo wa ndoo bila kugusa popote, ukatua kimya, kama mtu aliyechelewa misa anayetafuta pa kukaa. Wewe uliacha kunoa panga.

"Shabaha hiyo ni ya kwetu," ukasema. "Babu yangu alikuwa mwindaji."

"Babu yako alikuwa anarudi na kuni," nikakujibu. "Urefu chukua. Shabaha niachie mimi."

Ugomvi huo tuliula miaka yote kama chakula. Skola akifunga kikapu sekondari, wewe unasema ni wa kwenu. Akifunga chuoni, mimi nasema ni wa kwetu. Sasa mwenzangu umenyamaza, nashinda kila siku, na kushinda hivyo hakuna utamu.

Mwaka ule wa mwisho wako timu ya chuo ilikuwa tishio. Wale dada wakubwa walikuwa wanakimbia uwanjani kama mvua inayokuja kutoka Milepa, unaiona kwa mbali lakini huna pa kujificha. Skola wetu ndiye alikuwa mdogo wao, na ndiye aliyekuwa anafunga, mimi nasema ukweli tu. Wewe unasimama nyuma ya ringi la wapinzani, kofia mkononi, husemi kitu. Mimi niko upande huu napiga vigelegele mpaka refa ananiangalia. Unawakumbuka wale wageni wa kutoka Mbeya walioshuka kwenye basi na maji yao ya kunywa, wanaogopa yetu? Wanasema Sumbawanga mpira unaingia wenyewe. Ukawafuata na jagi langu. "Karibuni wanangu," ukawaambia, "uchawi wetu sisi ni togwa tu." Wakanywa. Wakafungwa. Wakaomba na ya kuondokea.

Ikaja baridi ya mwezi wa sita. Wale dada wakamaliza chuo wakatawanyika, na wewe ukatuaga mwezi huohuo. Skola akabaki peke yake kwenye timu, na mimi nikabaki peke yangu kwenye kile kitanda kikubwa ulichokichonga kana kwamba tunategemea wageni.

Dada yako Kresensia alikuja kukaa nami. Wifi yangu unamjua, mkono wake mwepesi kwa kazi na mdomo wake mzito kwa mila. Akaniweka chini: "Wifi, mjane hapigi vigelegele mpaka misa ya mwaka isomwe. Watu watasema umemzika kaka yangu kwa furaha." Sikumbishia. Furaha yenyewe ningeitoa wapi?

Chuo kilipofungua nikaenda uwanjani na koti lako. Baba Skola, nilichokiona! Mwalimu Deusi, yule kijana anayewafundisha mpira wa kikapu, alikuwa ameokota wasichana wa mwaka wa kwanza, na wote kabisa walitoka kwenye netiboli. Netiboli, unajua, ukidaka mpira unasimama pale pale, hutembei nao. Basi na hawa wakidaka, wanasimama! Kuna mmoja mfupi kutoka Ilemba, Matilda, macho makubwa, akiupata mpira anaukumbatia na kuganda kama amepigwa picha. Adui anakuja, anaukwanyua mikononi mwake taratibu, anaondoka nao. Mwalimu anapiga kelele, "Dunda, Matilda! Dunda!" Matilda anamgeukia kwa adabu zote anamuuliza, "Sasa hivi, mwalimu?" Na wakati wa kuzuia ndio balaa, wanarudi nyuma hatua nzima kama netiboli inavyotaka, mikono juu, kama wanaombewa.

Tulifungwa Jumamosi ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Vijana waliokuja na timu za wageni wakapata wimbo wa kutuchekea. "Oya, Sumbawanga! Uchawi umeisha chaji?" Nilikuwa na majibu ya kuwatosha mpaka wajukuu zao. Nikayameza. Wifi alikuwa amenikataza, na mimi nikakaa na koti lako, mikono mifukoni, nikipapasa zile punje za mahindi ulizozisahau humo.

Skola akawa anarusha na kukosa. Mtoto mwenye shabaha ya kwetu, anakosa! Anasimama peke yake mbele ya ringi, watu wote kimya, anadundisha mara moja, anaangalia upande niliokaa, anarusha, mpira unagonga chuma.

Jioni moja akaja nyumbani na jezi ameikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Mama, naiweka chini. Wamtafute kapteni mwingine."

"Baba yako alikuwa..."

"Baba hayupo, mama!" Hajawahi kunikatisha maneno huyu, unamjua. Halafu sauti ikashuka. "Na wewe upo, lakini husikiki. Nikisimama pale kurusha, nasikia upepo tu."

Mimi, mwanamke wa maneno! Nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tukatoka misani tukaja huku shambani, yeye na mimi, kuangalia kama matuta yako yameiva. Uliyalima wewe mvua zikiwa zinamalizika, majani yakiwa mpaka kiunoni, unayakata, unayapanga na kuyafunika udongo, intumba baada ya intumba, haya matuta yetu ya majani, mistari imenyooka kama daftari la mtoto mwenye bidii. Kuna mahali ulipumzika, mstari umepinda kidogo. Sasa najua ulikuwa umeshaanza kuumwa na hukusema.

Skola akalipiga tuta la kwanza jembe, likafunguka. Ndani hakuna majani tena. Ni udongo mweusi, laini, una joto la kama mtu ametoka kuamka. Akachuchumaa akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akaanza kucheka peke yake.

"Mama, unakumbuka nilivyomlilia baba nikiwa mdogo? Nilimuuliza mbona anayazika majani mazuri."

Nilikumbuka. Ulikuwa na jasho usoni, ukamjibu kama unamjibu mtu mzima: "Siyaziki, mama. Nayalaza."

Tukakaa pale kwenye udongo. Upepo ukapita juu ya matuta yote, mstari mmoja mmoja, kama mtu anayekagua kazi yake. Mimi nilifumba macho. Nilisikia kabisa kofia yako ikipigwa kwenye goti kutoa vumbi, unavyofanya ukimaliza kulima. Usinicheke. Nilisikia.

"Matilda bado majani mabichi," Skola akasema.

"Na anaganda sana," nikasema.

"Anaganda, lakini mpira haumponyoki. Hujaona?" Akafuta mkono kwenye kitenge changu, kitenge cha kanisani, mtoto huyu. "Wewe unaniangalia mimi tu."

Ni kweli. Nilikuwa sijaona.

Jezi akaichukua mezani bila kuaga. Na tangu siku hiyo ungewahurumia watu wa mtaa wetu. Skola aliwapa wale wasichana sharti, mpira usiingie kwapani tena, popote waendapo wadunde. Wanadunda njia ya sokoni, wanadunda mbele ya mashine ya kusaga, mbwa wanawafuata. Matilda akija kwangu kuchukua togwa ya timu, anafika mlangoni anadunda: "Shikamoo mama," anadunda, "mama mdogo shikamoo," anadunda. Wifi akamwambia, "Marahaba, lakini huo mpira nao unasalimia?" Siku nyingine nilimkuta wifi mwenyewe uani, anaudunda taratibu akidhani niko kisimani. Nikarudi nyuma, nikakohoa kwanza ndipo nikaingia.

Kufungwa hakukuisha, sitakudanganya. Lakini tulianza kufungwa kwa shida.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya msimu, na ya mwisho ya Skola kuvaa ile jezi, maana anamaliza. Waliokuja ni walewale wa Mbeya. Wifi akasema anakuja kunishikia mwavuli. Mvua haikuwepo. Watu walijaa pande zote, wamebanana mabega, lakini nyuma ya ringi, pale ulipozoea kusimama wewe, palikuwa wazi. Hakuna aliyewakataza. Palikuwa wazi tu, nyasi zinacheza.

Mwisho ukakaribia tuko nyuma kwa pointi moja. Mpira anao Skola. Wale wa Mbeya wakamzunguka wote, maana kila mtu uwanjani alijua anarusha yeye. Mimi nilijua. Moyo wangu ulishaurusha. Akapanda juu, mikono ikapanda, na badala ya kurusha akaupitisha chini ya mkono wa adui, ukaenda kwa Matilda.

Matilda akadaka. Akaganda.

Baba Skola! Nikamwona yule mtoto wa Ilemba anaangalia mpira kama kitu alichotumwa akasahau ni kwa nani. Skola hakupiga kelele. Alimtazama tu, akatabasamu. Na Matilda akadunda. Mara moja, mara mbili, akapita katikati yao.

Hapo ndipo kigelegele kilinitoka. Mpira hata haujaingia! Kilinitoka kwa kule kudunda, kikatoka na miezi yote niliyokifungia, kikapasua ule uwanja mpaka ndege wakaruka kwenye mikaratusi. Mimi ambaye sijawahi kumpigia mtoto wa mtu mwingine. Mpira ukagonga ubao, ukazunguka kwenye ringi, ukafikiri kidogo, ukaingia. Refa akapuliza.

Nikageuka kwa wifi, mkono mdomoni, nikingoja anichambe. Ananiangalia, macho yamejaa maji.

"Wifi," akasema, "sasa kigelegele gani kifupi hivyo? Kaka yangu akikisikia hicho atajua una njaa." Akatupa mwavuli chini, akapiga chake.

Tumeshinda mechi moja msimu mzima. Hiyo moja. Wale vijana wa Mbeya walikunywa togwa yetu tena, na mmoja akaniambia, "Mama, uchawi si ulikuwa umeisha chaji, mmeuchaji lini?" Safari hii nikamjibu, na jibu lenyewe sitaliandika hapa kwa sababu ya padre.

Skola ataondoka mwezi ujao kwenda kufundisha mbali, jezi amemwachia Matilda. Nyumba itakuwa na sauti ya wifi na ya kuku. Jumamosi mimi nitakwenda uwanjani vilevile. Kuna wasichana wapya wanakuja, na nasikia nao wote wanatoka netiboli.

Sasa nakupa kitu, na nakupa hadharani. Shabaha ni ya kwenu. Nimekubali. Babu yako alikuwa mwindaji, na kuni alibeba za ziada tu. Lakini ule mpira wa mwisho, wa kumpa mwenzake wakati watu wote wanalitaja jina lake, nimeutafuta kwetu kote sijaupata. Ule nao ni wako. Mimi, Baba Skola, ningerusha mwenyewe.

Ukungu umeanza kupanda. Nainuka sasa, nalifungua tuta hili, udongo wake nautawanya mpaka kwenye njia ya kisimani usibaki hata mkono mmoja bure. Endelea kulala, mume wangu. Ulezi ukiota nitakuambia.

Mimi, mwenye koti lako,
Mama Skola