Kushoto kwa Baba Mkwe

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada, chesi na baba mkwe, kama kila Jumapili. Nimemfunga! Mara ya kwanza tangu niolewe hapa Gare. Alianza kwa mtindo wake uleule, askari wa pembeni kushoto kwake, katikati hagusi. Amecheka sana. Mimi sina raha. Imekuwa rahisi mno.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeupanga upya mchezo wote mezani, hatua kwa hatua, mpaka viazi vikaungua. Ngome yake niliila bure. Farasi naye bure. Kaniachia makusudi, kama mtoto! Nimekasirika. Mume wangu Elia anasema nishukuru, wenzangu wanapikiwa majungu na wakwe.

Jumatano, 12 Juni
Hakuniachia. Kete zote nilizokula zilikuwa kushoto kwake. Kulia hakupoteza hata askari mmoja.
Na kioo cha pembeni kushoto cha pikapu yake kimevunjika, eti kagongwa na bodaboda. Jumamosi anashusha kabichi Mombo, kina mama wa kwaya wamekaa nyuma. Zile kona kali za Soni, korongo pembeni! Elia: "Mzee kaendesha njia hii hujazaliwa." Sasa nani amwambie? Mimi, mke wa mwanawe, nimwambie baba mkwe haoni upande wa kushoto? Thubutu.

Ijumaa, 14 Juni
Silali, sili. Jioni nimemwomba mchezo mmoja. Akaanza vilevile, pembeni. Nikampeleka malkia wangu kushoto kwake, mdomoni kabisa mwa askari wake. Alikuwa wa kunyoosha mkono tu. Akawaza, akanywa chai, akasogeza kete ya kulia.
Nikasema, "Baba, nisamehe. Malkia wangu ulikuwa umle."
Akageuza shingo nzima.
"Yuko hapo tangu lini?"
Mama mkwe akaacha kumenya maharage. Nimeogopa kuliko siku ya harusi yangu.

Jumamosi, 15 Juni
Funguo za pikapu Baba kamrushia Elia. Kabichi zimefika, kina mama wamerudi wanaimba.

Jumanne, 18 Juni
Baba na Elia wametoka hospitali. Presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone.
Ameshuka upande wa abiria, kofia mkononi. Nikainama, "Shikamoo, Baba."
Hakuitikia.
Kanigeuzia shingo, kaniona, kaingia ndani. Kisha nimekwenda kuanua nguo, ukungu ulishaanza kushuka.