Uliza Kwanza Habari za Nyumbani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Gendabi tu wazima, na ng'ombe wako amezaa jike.

Unasema tovuti yako imegoma, umewafokea wale wanaojitolea kusaidia watumiaji wa hiyo programu ya bure, na hawajibu. Tovuti ya kikundi chetu cha alizeti nayo iligoma, Manyara ikiwa bado mkoa mpya. Kwenye ukurasa wa maswali kila mtu alikuwa anafoka. Mimi nikauliza kwanza habari za nyumbani, mvua na ng'ombe, ndipo nikaeleza shida. Pale intaneti kafe Katesh walinicheka!

Kesho yake mtu wa nchi ya mbali akanijibu mimi: "Mvua ipo. Sina ng'ombe, nina paka. Ondoa ile nyongeza uliyoweka mwisho."

Nikaiondoa. Tovuti ikafunguka! Nilipiga vigelegele hadi sokoni wakasikia.

Waandikie tena, mama. Anza na paka.

Bibi yako