Figili Sita za Baba Mkwe

Bi Mwatima mpendwa, naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla Jumapili ya wiki ijayo haijafika, maana nimefanya jambo la kijinga kwa nia njema na sasa sijui pa kutokea.

Tunakaa Hounslow, huku Uingereza, tulifika kutoka Tanga mwaka juzi, mimi na mume wangu Ramesh na baba mkwe wangu, Mzee Mansukh, ambaye kule alikuwa na duka la vitambaa lakini roho yake ilikuwa kwenye bustani ya nyuma ya duka, miaka thelathini analima figili zile ndefu nyeupe, na tangu tufike hapa alikuwa hafanyi lolote ila kukaa kwenye kiti na koti mwilini, ukimuuliza hali anasema “sijambo” basi, mpaka mwezi wa nne mwaka huu mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, akasimama dirishani akasema, “Masika hiyo! Mwanangu, lete mbegu,” nami nikafungua pindo la sari nililozifungia mbegu zake siku tunaondoka, tukapanda matuta mawili, na kila asubuhi yeye yuko nje anapalilia, anapiga mluzi, yaani Bi Mwatima nilishukuru Mungu.

Zikaota vizuri sana, majani makubwa, lakini mwezi wa sita ulipoingia zikasimama juu kama zinaogopa udongo, zikatoa maua, nami nikafukua moja kwa siri nikakuta mzizi mwembamba kama penseli, nikalia pale pale kwa sababu Baba alikuwa ameshasema Jumamosi tutavuna, basi nikaenda madukani Southall nikanunua figili sita zenye majani, na Jumamosi asubuhi yeye akiwa kwenye ibada yake nikang'oa mimea sita ya mwanzo wa tuta, nikatoboa mashimo kwa mpini wa mwiko, nikazichomeka zile za dukani na kushindilia udongo.

Baba alikuja, akang'oa ya kwanza, akaitazama kwa muda, akanitazama na mimi, halafu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Tanga, akazing'oa zote sita, akaomba chumvi na limau, akala mbili pale pale amesimama na nyingine tukala mezani, na mimi kwa furaha nikamwambia jirani yangu Kalpana, naye akawaambia wenzetu wote wa hekaluni, na sasa watu kumi na wawili wanakuja Jumapili hiyo kuona figili za Mzee na kufundishwa kuzilima, na Ramesh anasema, “Buy nyingine tu, nobody will know,” lakini mimi silali, nikifikiria Baba anaaibika mbele za watu na kurudi kwenye kile kiti. Ninunue nyingine, au nimwambie?

Mkwe mwenye hatia, Hounslow

JIBU:

Mwanangu, majina yenu nimeyabadilisha, kwa hiyo pumua. Umeniandikia kana kwamba umezika maiti, kumbe umezika figili.

Lakini hujaponyoka. Baba yako ndiye aliyewaalika watu kumi na wawili? Ni ulimi wako. Na huyo mumeo mwambie njia ya mwongo ni fupi, leo mtanunua sita, wiki ijayo kumi na mbili, mwishoni mtahamishia duka zima bustanini.

Sasa soma barua yako tena. Mtu amelima figili miaka thelathini. Akang'oa moja iliyooshwa, isiyo na hata kijimzizi cha kushika udongo, akaitazama, akakutazama. Aling'oa sita ulizochomeka, wala hakugusa ya saba. Matuta mawili yamejaa na mzee wa watu hana haja ya kuvuta nyingine! Anajua, mwanangu. Alijua kabla hujamletea chumvi.

Kosa lenyewe si la mikono yake. Alipanda kwa masika ya Tanga, na mvua ya mwezi wa nne hapa si masika, ni desturi ya hapa tu. Kule kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Hapa mwezi wa sita jua linakataa kuzama, na figili ndefu ikiona mchana mrefu hukimbilia maua na kuusahau mzizi. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza hapa nilivuna kuni.

Basi fanyeni hivi. Figili ndefu mpande mwisho wa mwezi wa saba mpaka katikati ya mwezi wa nane, udongo mkiwa mmeuchimbua futi nzima kwenda chini na kutoa mawe, wala msitie samadi mbichi, mtapata mizizi yenye miguu miwili. Mbegu iende nusu inchi chini, zikishaota mpunguze zipishane kiganja kimoja, na mtavuna mwezi wa kumi. Zile nyekundu ndogo ndizo za mwezi wa tatu hadi wa tano, mkipanda kidogo kidogo kila wiki mbili, na tena mwisho wa mwezi wa nane. Maji msikose. Wiki nne au tano zing'oeni, zikichelewa zinakuwa sifongo na ukali juu.

Hizo zilizotoa maua msizing'oe. Zitafunga maganda mabichi membamba, mnayajua nyinyi kuliko mimi, yachumeni yakiwa laini myakaange na mbegu za haradali na bizari. Wageni waambieni wasogeze ziara mbele wiki mbili, watakula na watafundishwa, na wa kuwafundisha ni Baba. Mtu aliyekosea akajua kwa nini ndiye mwalimu wa kumsikiliza, na nusu ya hao wageni wamekosea vile vile, hawasemi tu.

Lakini kwanza kamwambie. Usimtume Ramesh, usisubiri wageni. Kesho asubuhi akiwa bustanini mpelekee chai, umwambie kwa kinywa chako, “Baba, zile nilinunua.” Usizunguke. Wewe unaogopa atarudi kwenye kiti, naye kwa wiki nzima anaogopa kukuaibisha wewe. Amekula figili za dukani kwa chumvi na limau, amesimama kwenye baridi ya asubuhi anacheka, ili mkwewe asione haya. Mwenye baba kama huyo haandiki barua kwa mtu asiyemjua. Funga kalamu, kaweke chai motoni.